Michirizi inayong'aa kwenye majani ya mndimu: ni mdudu gani, na anakaa wapi?

SWALI: Assalamu alaykum, bwana shamba. Niko Konde, Pemba, naotesha miche ya ndimu na chenza ya kuuza. Tangu zianze mvua za vuli, majani machanga yamejaa michirizi myeupe inayong'aa, na mengine yanajikunja. Jirani anasema ni konokono wanaopita usiku. Nimepiga dawa mara mbili, hali ni ile ile. Ni mdudu gani, na anakaa wapi?

JIBU: Wa alaykumu salaam. Si konokono. Lowesha kidole upanguse mchirizi mmoja: ute wa konokono ungetoka, huu hautoki, kwa sababu uko chini ya ngozi ya jani.

Sasa lielekeze jani hilo juani. Katikati ya mchirizi utaona mstari mwembamba wa kahawia unaopinda kila njia inapopinda. Hicho ni kinyesi cha kiwavi, na kwangu mimi ndiyo alama ya kuaminika kuliko zote. Ufuate mpaka pale njia ilipo pana zaidi, utamkuta mwenyewe: bapa, rangi ya manjano inayoelekea kijani, urefu kama milimita 3. Ni mtoto wa nondo ambaye wataalamu humwita Phyllocnistis citrella. Asili yake ni Asia, na alielezwa kitaalamu mwaka 1856 kutokana na nondo wa India. Hupenda jamii ya michungwa na mindimu. Michirizi ya kwenye maharage au nyanya ni kesi nyingine, huko mara nyingi ni funza wa nzi.

Nondo mwenyewe ni shida kumwona. Mabawa yakikunjuliwa hayazidi sana milimita 4, meupe ya kung'aa, yana michoro ya hudhurungi na doa jeusi kwenye ncha. Mchana hutulia chini ya majani. Jioni na usiku ndipo hutaga, yai moja moja, kwenye jani ambalo bado laini. Kiwavi akianguliwa hupenya ndani papo hapo, wala hahamii jani jingine. Hunyonya maji ya seli za ngozi ile, kisha husogea ukingoni, hufuma uzi unaolivuta jani likamfunika, akageuka bundo humo, yaani hatua ya kutulia kabla ya kuwa nondo. Fungua mkunjo mmoja kwa ukucha utamwona. Kwenye joto letu, toka yai hadi nondo ni kama wiki mbili au tatu.

Basi dawa inayobaki juu ya jani itamfikaje? Wanaokufa ni nyigu wadogo mno, ambao watoto wao huwala viwavi hawa. Hilo linanisikitisha, kwani hao ndio walinzi wako. Tafadhali simamisha hiyo dawa.

Nguvu zako zielekeze kwenye machipukizi. Yakianza tu kufunguka, kabla kiwavi hajapenya ndani, nyunyiza mafuta ya mwarobaini jioni, pande zote mbili za jani, na urudie hadi majani yakomae. Punguza mbolea ya Urea, maana inachochea majani laini mfululizo. Ukimudu, funika kitalu kwa wavu wa matundu madogo sana. Majani yenye michirizi usiyachume yote, sehemu isiyoharibika bado inaulisha mche. Miti mikubwa iache, huvumilia.

Na ile miche iliyokwisha komaa majani, kagua mikunjo yake. Ikiwa mitupu, nondo keshatoka. Iuze bila wasiwasi.