Maswali na majibu: Vidhibiti vya oda ya sehemu ndani ya mikrokontrola

Fundi, PID naijua. Hii oda ya sehemu inaongeza nini?

PID ya kawaida hupima kosa, yaani tofauti kati ya shabaha na kipimo, kisha husahihisha kwa kosa lenyewe, intigrali yake na derivativi yake, kwa hiyo ina namba tatu za kurekebisha. Mwaka 1999 Igor Podlubny alipendekeza kuongeza mbili: oda ya intigrali na oda ya derivativi, ambazo si lazima ziwe 1, zinaweza kuwa sehemu kama 0.5. Derivativi ya oda 0.5 husogeza fezi (mahali wimbi lilipofika katika mzunguko wake) mbele nyuzi 45 kwenye kila frikwensi. Ukiipanga vizuri, fezi ya mfumo mzima inalala bapa pale unapoihitaji, hivyo gaini ya mtambo (kiasi unavyokuza kinachoingia) ikipanda au ikishuka, kiasi cha kupitiliza shabaha hakibadiliki sana. Wazo lenyewe ni kongwe: Leibniz na l'Hôpital waliandikiana barua juu ya nusu derivativi mwaka 1695. Ila kama mtambo wako haubadiliki tabia na PID yako imetulia, mimi nisingejisumbua.

Nimeandika fomula ya Grünwald-Letnikov kwenye ATmega328P, baada ya muda programu inaharibika. Nimekosea wapi?

Hesabu huenda iko sawa. Nafasi ndiyo imekwisha. Fomula hiyo, inayokokotoa derivativi ya oda ya sehemu, inataka sampuli zote za kosa zilizopita, kila moja na uzito wake. Kwa oda 0.5 uzito ni 1, -0.5, -0.125, -0.0625, na kuendelea. Unapungua, lakini haufiki sifuri, kwa hiyo historia hairuhusiwi kusahaulika. Chipu hiyo ina RAM ya KB 2. Floti (namba ya desimali) moja ni baiti 4, basi sampuli 512 zinaimeza yote, na staki, nafasi ya muda ya programu, bado haijapata pa kukaa.

Wengi hukata historia na kubaki na sampuli za karibuni. Kwa sampuli moja kila milisekunde, hizo 512 ni nusu sekunde tu. Mota ndogo itakuvumilia. Tanuri linalopata joto kwa dakika kadhaa halitakuvumilia.

Basi nitumie nini?

Makadirio ya Oustaloup. Unachagua ukanda wa frikwensi unaokuhusu, kisha oda ya sehemu inageuzwa kuwa mlolongo wa poli na sifuri za kawaida (frikwensi ambapo mwitikio wa filta hubadilisha mwelekeo) ndani ya ukanda huo. Jozi tano mara nyingi zinatosha, na kila jozi inahitaji kukumbuka namba moja tu: baiti 20 badala ya 2048. Kwa maneno mengine, kinachokaa kwenye chipu ni filta ya kawaida kabisa. Oda ya sehemu imebaki kwenye karatasi. Usiupanue ukanda kwa tamaa.

Kwenye kompyuta inatulia, kwenye chipu inalipuka!

Nadhani umezizidisha jozi zote zikawa fomula moja ndefu ya oda ya tano. Hapo ndipo wengi huumia. Poli ya 0.01 rad/s, ukichukua sampuli kila milisekunde, inakaa 0.99999, na floti ya biti 32 ina tarakimu kama 7 tu. Poli zikibanana karibu na 1, kosa dogo kwenye vizidishi vya fomula ndefu linaweza kuzitupa nje ya duara la nusu kipenyo 1, na hapo hakuna utulivu. Kwa bahati nzuri poli za Oustaloup zote ni halisi: zifunge hatua moja moja, kila moja ya oda ya kwanza, kinachotoka hapa kiingie pale.

Intigrali yangu ya oda 0.8 haifuti kosa linalobaki mfumo ukishatulia.

Makadirio ya Oustaloup yana gaini yenye kikomo chini ya ukanda. Tumia intigrali kamili, kisha uizidishe kwa derivativi ya oda 0.2. Na vali ikifika mwisho, isimamishe intigrali isilimbikize.

Lazima chipu iwe na FPU, ile sehemu ya kukokotoa floti?

Hapana. Kujua kama chipu yako inawahi, pandisha pini intarapti ya hesabu (kazi inayoitwa kila sampuli) inapoanza, ishushe inapoisha, usome muda kwenye osiloskopu. Ukitumia Cortex-M4 yenye FPU, andika 0.5f, si 0.5, bila hiyo f kompaila inaweza kukuhamishia kwenye double (floti ya biti 64), na FPU hiyo haiijui.