Barua kwa Mwanangu: Kushukuru Siku Ambayo Moyo Umekataa

Mwanangu mpendwa,

Barua yako imefika, na kama kawaida mama yako aliisoma kabla yangu. Umeuliza, "Baba, nitamshukuruje Mungu kwa kuachishwa kazi bila kuwa mnafiki?" Ukaeleza kwamba kiongozi wa kikundi chenu cha maombi alikusimamisha mbele ya wenzako na kukutaka useme, "Asante Yesu kwa jambo hili." Ukanyamaza. Sasa kunyamaza huko unakuona kama dhambi.

Nianze na huko kusimamishwa, maana ndiko kumenikosesha usingizi kuliko hata habari ya kazi. Siku shangazi yako alipomzika mtoto wake wa kwanza, wewe ulikuwa bado unabebwa mgongoni. Kaburi lilikuwa halijafukiwa. Mhubiri akamwita shangazi yako asimame, aseme mbele ya watu kwamba anamshukuru Mungu kwa kumtwaa mtoto. Alisimama. Akafungua kinywa, sauti haikutoka. Ndipo bibi yako, ambaye hakuwahi kumpinga mhubiri maisha yake yote, alipomshika mkono na kumketisha, akasema watu wote wakasikia: "Mwanangu atalia kwanza." Ninachoshindwa kukisahau si maneno ya yule mhubiri. Ni zile "Amina" zilizokuwa zimeshaitikiwa na watu wetu wenyewe kabla bibi yako hajasema neno. Baadaye shangazi yako alipoacha kuhudhuria ibada, katika ukoo huu ilisemwa kwamba imani yake ilikuwa haba. Haikuwa haba. Alitakiwa aseme uongo mbele za Mungu, akashindwa kuusema. Mungu hashukuriwi kwa uongo. Nimelisema hilo mezani petu mara nyingi hata ninyi watoto mkawa mnanimalizia, na bado nalisema.

Fungua Yohana 11. Mstari wa 35 Yesu analia. Mstari wa 41 anainua macho na kusema, "Baba, nakushukuru kwa kuwa umenisikia." Machozi yametangulia, tena kwa mtu aliyejua kwamba muda si mrefu Lazaro atatoka kaburini. Halafu angalia anachoshukuru: kwamba amesikiwa. Hakushukuru kwamba rafiki yake amekufa.

Paulo naye, mwandishi wa "shukuruni kwa kila jambo" katika 1 Wathesalonike 5:18, hakuwa anawaandikia watu waliostarehe. Soma Matendo 17 uone hilo kanisa lilivyozaliwa: ghasia mjini, Yasoni akaburutwa mbele ya wakubwa wa mji, Paulo na Sila wakatoroshwa usiku kwenda Beroya. Na kabla ya hapo, Filipi, walipigwa kwa bakora na kufungwa miguu kwenye mkatale, nao usiku wa manane wakaomba na kumwimbia Mungu. Hapo ndipo mahubiri mengi huishia. Wewe endelea hadi Matendo 16:37. Kulipokucha makadhi, yaani mahakimu wa mji, wakatuma watu wawafungue waende zao kimya kimya, Paulo akakataa. Alisema wamepigwa hadharani bila kuhukumiwa, nao ni raia wa Kirumi, kwa hiyo hao makadhi waje wenyewe wawatoe. Wakaja, wakawasihi. Mtu yule yule aliimba usiku na kudai haki yake asubuhi, na Luka anayaandika yote mawili bila kuona kwamba yanagombana.

Hata hivyo, nikiishia hapo nitakuwa nimekurahisishia mno. Kuna Waefeso 5:20, panaposema tumshukuru Mungu Baba sikuzote kwa mambo yote. Mstari huo hauniachi nitulie. Kuna mitume pia, katika Matendo 5:41, waliotoka barazani wakifurahi kwamba wamestahili kuaibishwa. Najijibu kwamba wao waliaibishwa kwa ajili ya Jina la Yesu, si kwa sababu mkuu fulani alitaka nafasi yao ampe mtu wake. Lakini nakumbuka pia Yusufu alivyowaambia ndugu zake katika Mwanzo 50:20 kwamba wao walikusudia mabaya, bali Mungu alikusudia mema. Ni kweli, na pia ni kweli kwamba maneno hayo yalitoka kinywani mwa Yusufu mwenyewe, miaka mingi baada ya shimo na gereza. Hakuna aliyesimama ukingoni mwa shimo akamtaka ayaseme kutoka chini. Kwa hiyo nakwenda mbele na kurudi nyuma, na panaponibakiza ni hapa: siku moja huenda ukashukuru hata kwa hili. Wewe ndiye utakayelisema, na leo huna deni hilo.

Deni la leo ni dogo zaidi, na lina namna yake ya kulipwa.

Chukua Zaburi 13. Ina mistari sita tu. Miwili ya kwanza ni malalamiko, na "hata lini" imo mara nne. Miwili ya katikati ni ombi. Miwili ya mwisho ni tumaini na wimbo. Ifuate kwa mpangilio huo huo, kwa sauti, si kimoyomoyo. Kimoyomoyo akili hutoroka baada ya sentensi ya pili. Lalamika kwanza, ukitaja mambo kwa majina yake: barua uliyopewa, maneno yaliyosemwa, kodi inayokusubiri. Habakuki 3:17 anataja hasara sita mojamoja, tangu mtini usiochanua hadi zizi lisilo na ng'ombe, ndipo anasema atamfurahia Bwana. Kisha omba jambo moja ambalo ukilipata utalitambua. Shukrani iwe ya mwisho. Ukiianza nayo ukiwa umejaa uchungu, itakuwa kifuniko tu, na uchungu utatokea pengine, mara nyingi kwa mkeo.

Katika hiyo shukrani, andika mambo mawili au matatu kwa siku, yasizidi. Kila jambo liwe na sehemu tatu: kilichotokea, kilipitia kwa nani, na kilikusaidia nini. "Asante kwa uhai, afya na familia" itakauka ndani ya wiki mbili, kwa sababu haina kitu kipya cha kuonwa. Kesho utaandika hayo hayo, na keshokutwa utaacha. Andika badala yake kwamba mwenzako wa zamani alipiga simu leo mchana, hakuuliza umbeya, akakutajia mahali wanapotafuta mtu, na jioni ulikula ukamaliza. Zaburi 136 ina mistari 26, kila mmoja unaishia na fadhili zake za milele, lakini nusu ya kwanza ya mistari mingi inataja tendo: mbingu, bahari ya Shamu, hata wafalme Sihoni na Ogu kwa majina. Siku usipopata jambo, andika "leo sijaona" na tarehe, ulale. Mungu hashukuriwi kwa uongo, hata katika daftari.

Usiandike ukikosa usingizi saa nane za usiku. Saa hizo orodha hugeuka mashtaka: mbona nina haya yote na bado nina huzuni? Saa hizo soma zaburi ya mtu mwingine, basi. Zaburi 88 ipo kwa ajili ya usiku kama huo, inaishia gizani, na hakuna aliyeiondoa katika Biblia. Na kama wiki mbili zitapita hulali, huli, huoni maana ya kuamka, nenda kwa daktari. Kushukuru si tiba ya ugonjwa, na kwenda kwa daktari si ukosefu wa shukrani.

Kuna shukrani moja nakuomba uiogope. Ni ile ya kujipima na walio chini yako: "angalau mimi si kama fulani". Inatuliza haraka, ndiyo maana watu wanaipenda. Lakini Farisayo wa Luka 18:11 alishukuru kwa maneno hayo hayo, "nakushukuru kwa kuwa mimi si kama watu wengine", na hakurudi nyumbani amehesabiwa haki. Shukrani inayohitaji mtu mwingine awe na hali mbaya itakufanya usiweze kukaa naye. Nyingine, ambayo pia nimeiona sana makanisani, ni ya kumlipa Mungu mapema ili arudishe kazi. Hiyo ni biashara, na isipolipa, mtu huacha vyote viwili.

Halafu shukrani yako usiile peke yako. Katika Walawi 7, sadaka ya shukrani ilikuwa na mnyama na mikate, isiyochachwa na iliyochachwa, na nyama yake ililazimika kuliwa siku ile ile, isibaki hata asubuhi. Sadaka ya nadhiri iliruhusiwa kubaki hadi siku ya pili, ya shukrani haikuruhusiwa. Hesabu mwenyewe kama nyumba moja inaweza kumaliza nyama ile na mikate ile kabla ya jua kuchomoza. Ilibidi waitwe watu. Basi kila wiki mshukuru mtu mmoja waziwazi, kwa simu au uso kwa uso, ukitaja alichofanya, na usiunganishe ombi lolote hapo hapo. Ombi la kazi lipeleke siku nyingine. Wengi hukosea hapo, na aliyeshukuriwa huishia kujiona ameandaliwa kuombwa.

Kuhusu kile kikundi chenu, umeuliza mwishoni, kwa maneno machache kama mtu anayepita tu, kama uendelee kwenda. Jibu ninalo, na mama yako analijua kwa sababu nimelisema kwa sauti kubwa hapa nyumbani. Sitaliandika. Simjui huyo kiongozi. Huenda alidhani anakuinua, na huenda wapo humo waliolia nawe kama Warumi 12:15 inavyoagiza. Mimi huyo namwona kupitia kaburi la mtoto wa shangazi yako, na hilo halimtendei haki. Ila nenda kwanza ukaongee naye mkiwa wawili, mweleze kilichokupata pale uliposimama, kisha uamue. Akikusikiliza utajua. Asipokusikiliza pia utajua.

Hukuandika kama umekata rufaa. Barua ya kuachishwa isome tena, tafuta muda uliowekwa wa kukata rufaa, na uangalie mkataba unasema siku zihesabiwe kuanzia lini. Nitumie nakala zote mbili, ya barua na ya mkataba, kabla ya Jumapili.

Baba yako