Binti anataka kucheza saa 46 kuchangia watoto wenye saratani

Dada yangu, umeuliza kama umkataze binti yako anayesoma chuo kikuu cha Penn State, Marekani, kushiriki THON, shughuli ya wanafunzi ya kucheza dansi ili kuchangisha fedha, kwa kuwa wachezaji hukaa saa 46 bila kulala wala kuketi. Mimi nisingemkataza, ila ningemuuliza maswali kadhaa kwanza.

Shughuli yenyewe si ya kubahatisha. Wanafunzi wanaiendesha tangu 1973, na tangu 1977 fedha zinakwenda kwenye mfuko wa Four Diamonds, unaolipa gharama za matibabu zisizolipwa na bima kwa watoto wenye saratani wanaotibiwa hospitali ya watoto kule mji wa Hershey. Mwaka 2024 pekee walikusanya zaidi ya dola milioni 16. Mzazi anayeuguza mwanawe akiondolewa hofu ya bili, huo ni msaada mkubwa mno.

Sasa afya. Ana pumu, selimundu, shinikizo la damu, au amewahi kuzimia? Basi daktari aamue, si wewe wala marafiki zake. Kama ni mzima, alale vizuri wiki nzima kabla, achukue viatu vyenye soli nene na soksi za kubadilisha, na akihisi kizunguzungu aseme papo hapo. Wakimaliza asiguse usukani kabisa. Mtu aliyelala ndiye amrudishe bwenini.

Asipoweza kucheza, zipo kamati zinazohitaji watu wa kuchangisha, kupanga ukumbi na kuwahudumia wachezaji. Mwulize kama angependa huko.