Re: Natoka kumwaga zege nimechoka hoi ila usingizi hauji

Pole mdogo wangu, kubeba ndoo za zege kutwa nzima sio mchezo, na hiyo ya mwili kuuma huku macho kodo naijua. Ukifika geto usijitupe kitandani na vumbi la saruji, linaunguza ngozi, oga maji ya uvuguvugu, kunywa maji ya kutosha, kula ugali maharage ushibe alafu kaa tu nje miguu umeinyoosha bila kufanya chochote, hapo ndo utamu wenyewe ulipo aisee. Enaji drinki za jioni acha, ndo zinakukimbizia usingizi. Diklofenaki, zile dawa za maumivu, za kila siku pia hapana, zinaumiza tumbo na figo. Ila ukiona mkojo mweusi kama chai ya rangi usisubiri kesho, wahi hospitali.