Jibu: mistari ya D-Day kwenye Spitfire na dekali zinazoonyesha weupe

Yaya, umeuliza juu ya Spitfire Mk IX yako ya 1/48 (modeli ya ndege ya kivita, ndogo mara 48 kuliko ndege yenyewe), mistari nyeusi na nyeupe ya D-Day, siku majeshi ya Washirika yalipovamia Normandy, uipake ama uweke dekali (picha nyembamba za kubandika), na mbona namba za ubavuni zimetoka na weupe chini. Mistari pakeni tu. Kwa ndege za injini moja ilikuwa inchi 18 kila moja, kama sentimita 45.7, gawa na 48 unapata milimita 9.5, na iko mitano, mitatu nyeupe miwili nyeusi, yaani upana wote 47.5. Anza na nyeupe eneo lote, ikauke usiku mzima, njo ukate skochi (utepe wa gundi) kwa wembe mpya ufunike mistari inayobaki nyeupe, kisha nyeusi juu. Na usiogope ikiwa kingo hazijanyooka, ma-fundi walipaka kwa haraka, siku chache tu kabla ya 6 Juni 1944, wengine kwa brashi, mi naona ile ya kunyooka sana haina roho.

Ule weupe ni hewa. Umebandika juu ya rangi ya mati, yaani isiyong'aa, ina vishimo vidogo, hewa inabaki chini. Kwa hizo dekali zilizokwisha kubandikwa, toboa polepole na ncha ya sindano, weka maji ya kulainisha dekali, rudia mara mbili tatu. Siku ingine pitisha verni ya kung'aa kwanza, dekali, halafu verni mati mwisho.

Na huku Goma vumbi la volkano linaingia kila mahali, kila ukimaliza kupaka funika na beseni palepale.