Usitoe hiyo hela ya kizimba mdogo wangu

Usitoe!! Nimesoma mpaka hapo uliposema kuna mtu anakuuzia kizimba, nafasi ya kuuzia kwenye soko jipya mnakohamishiwa kutoka barabarani, kwa laki saba kabla majina ya waliopangiwa hayajatoka, na advansi anaitaka leo, mwili ukanisisimka.

Mimi nilikuwa Kariakoo, Mtaa wa Kongo, nguo za watoto chini kwenye turubai. Kile kitambulisho cha wamachinga cha Magufuli cha elfu 20 kilichoanza Desemba 2018 ninacho hadi leo, tuliaminishwa ukikivaa shingoni hakuna mgambo wa kukugusa. Oktoba 2021 Dar nzima tukatakiwa kutoka barabarani, juu ya mitaro na mbele ya maduka ya watu, twende tulikopangiwa, mwenye kitambulisho na asiye nacho wote mnabeba vitu. Sasa kwenye taharuki ile ndo wanazaliwa hawa watu. Akanijia baba mzima na daftari la kaunta, "mama vizimba vya mbele vinaisha", sauti ya upole utadhani anakuozesha. Nikakopa kikoba nikampa yote, akaniandikia risiti ina mhuri na namba ya kizimba. Risiti nzuri jamani, ingekuwa inavaliwa ningeiuza.

Majina yanabandikwa, langu halimo. Naenda kwenye kizimba chenyewe nakuta wamama wengine na kaka mmoja wa viatu, wote tuna namba hiyohiyo, mhuri huohuo, tunaangaliana tu. Piga simu, haipatikani. Na wala haikuishia hapo maana kikoba hakijui habari za mgambo, marejesho yanadaiwa mbele za watu, nikauza mzigo chini ya bei niliyonunulia, binti aliyekuwa ananisaidia kuuza nikamrudisha kwao. Mshenzi yule! Halafu alikuwa anasalimiwa na kila mtu pale, "mwenyekiti, mwenyekiti", uenyekiti wa wapi hata sikuuliza.

Sikiliza sasa. Hela ya kizimba cha serikali inalipwa kwa KONTROO NAMBA, ile namba ya malipo inayotolewa na serikali, inaingia serikalini, haiingii kwenye simu ya mtu. Akikwambia nitumie kwa namba ya shemeji yangu, ondoka. Akisema kontroo namba itakuja baadaye, ondoka. Nenda mwenyewe kwa afisa biashara wa manispaa, uliza majina yanatoka lini, na ikifika kulipa hakikisha kontroo namba imetoka kwa jina LAKO, siyo la dalali halafu mtaandikishana. Hata akija na kitambulisho, hata akiwa mjomba wako.

Uliuliza na wateja kama watakufuata, hawakufuati, mteja wa barabarani huwa anapita zake kuwahi daladala, anza leo kuchukua namba zao uwe unawarushia picha Whatsapp. Na uliuliza pia swali la TIN, namba ya mlipa kodi, sijui na la leseni, hilo waje wengine.

We niambie kwanza, advansi umeshampa au bado?