Maswali na Majibu: Mashua Mpya au Aina Zilizozoeleka?

Barua nyingi zilizonifikia safari hii zinazunguka jambo moja: katika mbio za mashua ndogo za tanga, tuwafungulie mlango wabunifu wa leo na mashua zao nyepesi, au tushikamane na aina zilizokwisha kuota mizizi? Nina upande wangu na sitauficha. Nimechagua saba.

Klabu yetu ni changa na tuna fedha za mashua sita. Nusu ya kamati inataka RS Aero mpya, nusu inataka ILCA zilizotumika. Tufanye nini?

Kabla hamjatazama mashua, tazameni majirani. Klabu mtakazoshindana nazo zina nini? Kama zina ILCA, ile ambayo wengi bado wanaiita Laser, nunueni ILCA na mjadala uishie hapo. Kama hakuna anayeshindana karibu nanyi na fedha inatosha, Aero ni mashua nzuri mno. Ilichorwa na Jo Richards ikaingia sokoni mwaka 2014, na bodi yake ina uzito wa kilo 30 hivi, wakati ya Laser ni kilo 59. Tofauti hiyo mtaiona hata kabla ya kugusa maji: Aero mtu mmoja anaiinua, Laser inataka wawili au kigari.

Msichokubali ni suluhu ya kugawana, tatu za huku na tatu za kule, ili kamati ilale salama. Mashua tatu hazifanyi mbio. Raha yenyewe ni kufika kwenye boya la juu, lile la upande upepo unakotoka, mkiwa watano, mashua zinafanana, na aliyetangulia ametangulia kwa sababu ameusoma upepo kuliko wenzake.

Mkienda kununua zilizotumika, msidanganywe na rangi. Mimina maji kwenye tobo la mlingoti, weka alama yalipofika, subiri. Maji yakishuka, tobo linavuja, na siku moja mlingoti utang'oka na kipande cha sitaha katikati ya upepo mkali. Kisha kandamiza sitaha kwa dole gumba kuanzia omo, yaani mbele, hadi mahali pa kukaa. Ikibonyea na kurudi, faiba imechoka. Mwisho ipimeni kwenye mizani. Bodi iliyozidi uzito wake kwa kilo kadhaa huwa imekunywa maji, na haikaushiki kirahisi.

Laser ilichorwa kabla sijazaliwa. Si aibu kwa Olimpiki kuendelea nayo?

Ilichorwa mwaka 1969 na Bruce Kirby, ikaanza kuuzwa 1971, ikaingia Olimpiki Atlanta 1996 na haijatoka tangu hapo. Mwaka 2019 ilijaribiwa upya huko Valencia pamoja na Aero, D-Zero na Melges 14. Jopo la wajaribu likapendekeza Aero, lakini baadaye mwaka huohuo shirika la dunia la mchezo huu, World Sailing, likaamua Laser ibaki.

Mimi naunga mkono uamuzi huo, na si kwa sababu Laser haina dosari. Anayeiendesha anazijua. Ukigeuza tanga upepo ukiwa nyuma, kamba ya demani, ile inayovuta tanga, inapenda kujinasa kwenye pembe ya tezi, yaani nyuma ya mashua, na usipoiwahi unaogelea. Tanga rasmi huchakaa mapema, na huruhusiwi kushona lako. Juu ya hayo, aina ya ILCA 7, yenye tanga kubwa kuliko zote za Laser, inampendelea mtu wa kilo 80 hivi.

Ila zimekwisha kuundwa Laser zaidi ya 200,000, na zimesambaa kila pembe ya dunia yenye maji. Kijana kutoka nchi isiyo na kiwanda hata kimoja cha mashua anaweza kununua iliyotumika, akajifunza, na akifika kwenye mashindano makubwa akapewa mashua iliyo sawa na ya bingwa wa dunia. Ukibadilisha aina ya Olimpiki, unamwambia kijana huyo kwamba chombo alichojifungia mkanda kukinunua hakimfikishi tena kokote. Ningependa walioibakiza wabane zaidi upande wa tanga, lidumu misimu kadhaa. Hilo linawezekana bila kubadilisha bodi.

Nimerithi mashua ya mbao aina ya Mirror. Inafaa kushindana, au niiweke kwenye sebule?

Ipeleke majini, ndugu yangu! Mirror iliundwa ili watu wa kawaida waijenge wenyewe: vipande vya plaiwudi vinashonwa kwa waya wa shaba, kisha viungo vinafunikwa kwa utepe wa faiba na gundi. Tangu ilipotoka mapema miaka ya 1960 zimejengwa zaidi ya 70,000. Kagua viungo, paka vanishi, kashindane.

Shikamoo. Mwanangu ana miaka 13 na kilo 56. Kocha anasema abaki kwenye Optimist mpaka afike 15 kwa kuwa ndipo penye ushindani. Mtoto hana furaha. Nimsikilize nani?

Marahaba. Msikilize mtoto.

Optimist naiheshimu sana. Clark Mills aliichora Florida mwaka 1947, mashua kama boksi la mita 2.3, na mpaka leo sijaona inayomfundisha mtoto mdogo vizuri zaidi. Inasamehe makosa, haipinduki ovyo, na mtoto anashika usukani na demani peke yake, hana wa kumsingizia. Kanuni zinamruhusu kushindana mpaka mwaka anaotimiza miaka 15. Lakini kuruhusiwa ni jambo moja na kufaa ni jambo lingine. Mtoto wa kilo 56 katika upepo hafifu anakaa amejikunja, tezi inazama, wenzake wa kilo 38 wanampita kila kipande cha mbio, naye anaanza kuamini kwamba hajui. Anajua. Chombo kimekuwa kidogo.

Mhamishie ILCA 4, ambayo ina bodi ileile ya Laser na tanga la mita za mraba 4.7. Akikua, anabadilisha sehemu ya chini ya mlingoti na tanga tu, anapanda hadi 5.76 na baadaye 7.06. Kama anapenda kuwa na mwenzake, kuna mashua za watu wawili, 420 au 29er. Na hapa nawageukia makocha: mtoto anayeacha bahari akiwa na miaka 14 kwa sababu alilazimishwa kubaki kwenye aina fulani ni hasara kubwa kuliko medali yoyote ya vijana mliyoikosa.

Kwa nini tugombane? Mfumo wa kusawazisha muda upo. Kila mtu aje na mashua aitakayo, hesabu zifanye kazi.

Mfumo upo na unasaidia. Ule wa Uingereza, Portsmouth Yardstick, unaipa kila aina namba, na kadiri mashua ilivyo ya kasi namba inakuwa ndogo. Unachukua muda aliotumia mtu, unazidisha kwa 1,000, unagawanya kwa namba ya mashua yake. Wa namba 1,100 akimaliza kwa dakika 55, muda wake unasomeka dakika 50. Wa namba 1,000 akimaliza kwa dakika 51, unabaki 51. Aliyefika nyuma kwa dakika nne ameshinda kwa dakika moja.

Kwa klabu ndogo yenye mashua kumi za aina saba, hiyo ndiyo njia pekee ya kukimbia pamoja, na itumieni bila kusita. Ila namba ni wastani wa siku nyingi, na mbio ni siku moja. Upepo ukipanda, mashua nyepesi inainuka na kuteleza juu ya maji wakati nzito bado inayalima. Hapo hakuna namba inayoendana na kilichotokea. Upepo ukifa, au mkondo wa maji ukiwa mkali, mambo yanageuka tena. Isitoshe, mshindi anajulikana mezani badala ya majini. Humjui mpinzani wako ni nani mpaka karatasi itoke, na huwezi kumbana bishoni, mnapokwenda dhidi ya upepo, kwa sababu yeye yuko mbele nusu maili au nyuma nusu maili.

Kwa hiyo mfumo huu ni daraja. Utumieni huku mkikusanyana polepole kwenye aina moja au mbili. Wasiwasi wangu ni klabu zinazohamia humo kutoka kwenye kundi moja kubwa kwa sababu kila mwanachama kanunua kipya chake.

Nina kilo 98. Mashua ya Finn imetolewa Olimpiki. Mtu mkubwa aende wapi?

Aendelee na Finn. Rickard Sarby aliichora Sweden mwaka 1949, ikadumu Olimpiki kuanzia Helsinki 1952 hadi michezo ya Tokyo. Mwingereza Ben Ainslie alitwaa dhahabu tatu mfululizo ndani yake. Kuondolewa kwake kuliniuma, kwa sababu wanaume wakubwa walibaki bila chombo cha peke yao kwenye michezo hiyo. Lakini ubingwa wake wa dunia, Gold Cup, unaendelea. Aina ya mashua inakufa pale watu wanapoacha kuiendesha.

Kama wote tungefikiri kama wewe, si tungekuwa bado kwenye mashua za babu zetu? Maendeleo yatatoka wapi?

Hili ndilo swali zito kuliko yote, na jibu lake liko ndani ya aina moja kongwe. Moth ilianzia Australia mwaka 1928 kwa mashua aliyoijenga Len Morris. Kanuni zake ni chache: urefu usizidi mita 3.355, tanga lisizidi eneo fulani, na mambo mengine machache ya namna hiyo. Yaliyobaki ni akili yako. Kwa miongo mingi watu waliipunguza upana, wakaiongezea mbawa za kukalia, wakabadilisha mbao kwa kaboni, mpaka Rohan Veal akatwaa ubingwa wa dunia mwaka 2005 kwa mashua inayopaa juu ya maji kwa mabawa yaliyozama chini yake. Miaka minane baadaye mashua kubwa za America's Cup, kombe maarufu la mbio za mashua, zilikuwa zinapaa huko San Francisco.

Ubunifu huo ulikua kwenye aina iliyokaribia miaka 80, kwa sababu wenye Moth walikubaliana tangu awali kwamba kubuni ni sehemu ya mashindano. Aliyejiunga nao alijua kwamba mashua yake ya mwaka huu huenda ikapitwa mwaka ujao, na alikubali gharama hiyo kwa hiari. Anayenunua ILCA anakubaliana na kitu tofauti kabisa: chombo kisiguswe, tushindane kwa ujuzi. Mapatano yote mawili ni ya heshima.

Kinachonikera ni kuyachanganya. Aina ya mashua zinazofanana inayoruhusu kifaa kipya kila msimu, leo kapi, kesho mlingoti, inawabandua wanachama wake mfukoni kidogokidogo na haileti ubunifu wowote wa maana. Ndugu msomaji, kama kiu yako ni kubuni, usipigane kubadilisha kanuni za watu wa ILCA. Tafuta wenye Moth, au International 14, au Merlin Rocket. Watakupokea na mchoro wako, na watakuambia waziwazi panapovuja.